Gari la mbio likichemsha: Ufungue hedi tu au ushushe injini nzima?

MSHALE wa joto unapanda, unagusa alama nyekundu, halafu ghafla unashuka wenyewe. Dereva mgeni anashusha pumzi na kukanyaga mafuta. Dereva mzoefu anazima gari palepale, hata kama nyuma yake kuna mtu anamfukuzia kwa sekunde. Anajua kilichotokea: maji yameisha, kipima joto kimebaki kwenye hewa tupu, na hewa hiyo haisemi ukweli.

Kuanzia hapo matokeo ya siku hiyo si habari tena. Habari ni swali litakaloulizwa gereji usiku: injini hii ifunguliwe kiasi gani?

Shabiki wa soka analijua swali hili kwa sura nyingine. Straika anashika nyama za paja dakika ya 60, anakaa nje wiki mbili, maumivu yanaisha. Apangwe kwenye dabi ya Simba na Yanga, au apigwe picha kwanza ionekane kama kuna nyuzi zilizochanika? Maumivu kuisha siyo kupona. Injini nayo kupoa siyo kupona.

Bariadi haitajwi sana kwenye mbio za magari kama Iringa yenye Mkwawa Rally yake. Lakini kwa suala la injini kuchemsha, Simiyu ni darasa tosha. Udongo mweusi wa mbuga, ule ule unaobeba pamba ya Maswa, Meatu na Itilima, mvua ikinyesha unanata kwenye matairi kama ugali uliokosa maji. Gari linakwenda taratibu, injini inalia juu, upepo wa kuingia kwenye rejeta haupo. Kiangazi kikija, msimu wa kununua pamba ukishafunguliwa, vumbi na nyuzi za pamba vinatanda kwenye mapezi ya rejeta kama blanketi. Madereva wa malori wanaopeleka mzigo viwandani wanaijua hiyo, na wengi wao husimama kupiga rejeta upepo kabla ya safari ndefu.

Kuna na suala la mwinuko. Ziwa Viktoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu zaidi ya ziwa. Huku maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, siyo 100. Kinachoiokoa injini ni kifuniko cha rejeta, ambacho hubana mgandamizo na kuyafanya maji yastahimili joto kubwa zaidi bila kuchemka. Kifuniko kikilegea, kitu cha bei ndogo kabisa, injini ya mamilioni inakwenda na maji. Halafu kuna ule mtindo wa mafundi wetu wa kung'oa themostati na kuitupa. Kwenye mbio huo ni mzaha mbaya, maana injini haitulii kwenye joto lake, na ugonjwa halisi unabaki umefichwa.

Nini hasa huharibika? Hedi ya injini nyingi za kisasa ni ya alumini. Bloku mara nyingi ni ya chuma, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Joto likizidi, hedi inataka kukua lakini boliti zimeishika, basi inapinda. Kwa injini nyingi za magari madogo, mpindo unaovumilika ni kama milimita 0.05, nyembamba kuliko unywele. Macho hayauoni. Fundi analaza rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi na kupenyeza vibati vya kupimia chini yake.

Hapa ndipo kishawishi kinapoingia. Gasketi ya hedi imeungua, inaonekana. Hedi inapelekwa kukwanguliwa, gasketi mpya inawekwa, boliti zinakazwa, gari linawaka. Kila mtu anapeana mikono. Kwa gari la kwenda Lamadi na kurudi, lililozimwa mapema, uamuzi huo mara nyingi unatosha na hakuna sababu ya kumlaumu fundi.

Injini ya mbio haina huruma hiyo. Nguvu inayoivuta konrodi hupanda kwa mraba wa mizunguko: ukitoka 3,500 kwa dakika kwenda 7,000, nguvu haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Beringi iliyokwanguka kidogo tu, ambayo kwenye gari la nyumbani ingeishi miaka, kwenye mbio inaweza kumaliza hatua moja ya mashindano. Injini inanoki, konrodi inatoboa bloku, na hapo hakuna tena cha kukarabati.

Kwa hiyo uamuzi hauanzi kwenye spana. Unaanza na maswali kwa dereva, na dereva asiseme uongo. Joto lilifika wapi? Aliendesha umbali gani baada ya hapo? Alizima mwenyewe au injini ilijizima? Kisha inavutwa stiki ya oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia kwenye oili na beringi zimekunywa maji. Hapo sampo lazima ishuke. Plagi zinatolewa, kompresheni inapimwa silinda kwa silinda. Silinda mbili za jirani zikiwa chini, mtuhumiwa wa kwanza ni gasketi katikati yao. Zote zikiwa chini, ringi za pistoni huenda zimepoteza mkazo kwa joto, na kukwangua hedi hakutasaidia kitu.

Dereva akiri kwamba alitembea kilomita kadhaa bila maji, mjadala umekwisha. Injini inashuka yote. Hedi inapimwa nyufa, hasa kati ya vikalio vya valvu, na inapimwa pia kama alumini imelainika, kwa sababu hedi iliyolainika hata ikinyooshwa vizuri itapinda tena.

Lakini kufungua kila kitu kwa hofu nako ni kosa. Kila boliti inayofunguliwa ni nafasi mpya ya kukosea, na vumbi la Agosti halichagui gereji. Vipuri vikikosekana Bariadi vinasubiriwa kutoka Mwanza au Dar es Salaam. Kocha anayefumua timu nzima kwa sababu ya kipigo kimoja mashabiki wanamjua.

Safari Rally ilitoa majibu mawili ya kuvutia. Ilipoanza mwaka 1953, magari yakiondoka Nairobi, Kampala na Morogoro, Volkswagen ya Alan Dix na Johnny Larsen ndiyo iliyomaliza na adhabu chache kuliko zote. Injini ya gari hilo hupozwa kwa upepo. Haina rejeta ya kuvuja. Volkswagen ikarudi kushinda 1954, 1957 na 1962.

Jibu la pili ni Joginder Singh, fundi wa gereji kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika, siyo gari jipya la kiwandani. Alijua kipi cha kubadilisha na kipi cha kuacha. Akashinda tena 1974 na 1976.

Siku hizi nafasi ni finyu zaidi. Tangu Safari irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya miaka 19, vumbi laini la Naivasha limeendelea kuzitesa injini, na kanuni haziruhusu kubadilisha injini mbio zikishaanza. Ukichemsha Ijumaa, unaamua Ijumaa hiyo hiyo.

Baada ya kufunga, injini haipelekwi moja kwa moja mashindanoni. Inawashwa, hewa inatolewa kwenye mfumo wa maji, feni inasubiriwa izunguke yenyewe. Inatembezwa polepole, kisha oili inamwagwa ikiwa bado ya moto na filta inapasuliwa, karatasi yake inatandazwa juani. Vikionekana vipande vinavyometameta, injini inarudi mezani, hata kama ada ya kushiriki imeshalipwa.