Kofia ya Jino Langu

Wasomaji wenzangu, nataka kuwaeleza jambo ambalo sikulijua mpaka liliponipata mwenyewe.

Mwaka jana nilivunjika jino la mbele tulipokuwa tukicheza mpira. Daktari wa meno alilichonga jino lile, akalivika kofia ya muda. Kofia hii ni ganda la plastiki lenye umbo la jino. Kazi yake ni kulifunika jino lililochongwa kwa wiki mbili tatu, mpaka kofia ya kudumu iwe tayari. Hubandikwa kwa gundi isiyo kali, ili iweze kutolewa tena. Gundi moja itumiwayo sana ina dawa itokayo katika mafuta ya karafuu, karafuu kama zile za Unguja na Pemba.

Siku ya tano nilimenya muwa kwa meno, ingawa nilikwisha katazwa. Kofia ikatoka. Niliipangusa kwa shati, nikataka kuirudisha mahali pake. Rafiki yangu akasema, "Ichemshe kwanza, vijidudu vife." Bahati njema jiko lilikuwa limezimwa. Nikaifunga katika karatasi safi, nikaenda kwa daktari.

Daktari alinieleza kwamba kinywa cha kila mtu kina vijidudu vingi. Antony van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, aliviona kwa hadubini yake na kuandika habari zao mwaka 1683, alipochunguza utando mweupe aliokwangua menoni mwake. Jino zima lina ganda gumu la kulilinda. Lakini jino lililochongwa limepungukiwa ganda hilo, na chini yake mna vijitundu vyembamba mno viendavyo mpaka kwenye kiini cha jino. Vijidudu vikifungiwa chini ya kofia huweza kupita humo, kiini kikaoza, na jino likapotea.

"Wala usiichemshe, mwanangu," alisema. "Plastiki yaweza kupinda kwa joto. Ikipinda haitakaa sawasawa, na penye ufa ndipo vijidudu watakapoingilia."

Kisha nikatazama kazi yake. Alinawa mikono, akavaa glavu mpya. Akakwangua gundi kuukuu iliyokuwa ndani ya kofia, akaisugua kwa brashi, sabuni na maji. Kuosha hutangulia dawa, kwa sababu mate, damu na mabaki ya gundi huvikinga vijidudu, dawa isivifikie.

Mezani palikuwa na mashine ndogo inayotikisa maji kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Nilidhani ataitumbukiza kofia humo moja kwa moja. Hakufanya hivyo. Aliitia katika kikombe kidogo cha kioo chenye maji mapya ya kusafishia, akakisimamisha kikombe ndani ya mashine, akafunika. Nikamwuliza sababu.

Akajibu, "Mashine hii hung'oa uchafu, haiui vijidudu. Kofia za watu kumi zikioga katika maji yale yale, ya kumi itatoka iking'aa, lakini huenda imebeba vijidudu vya wale tisa."

Baada ya hapo aliyamwaga maji ya kikombe, akaiweka kofia katika dawa ya kuulia vijidudu kwa muda wote ulioandikwa kwenye chupa. Akaisuuza na kuikausha. Akalisafisha na jino lenyewe, ndipo akaibandika kofia kwa gundi mpya.

Basi nilijifunza kwamba kitu king'aacho si lazima kiwe safi, na kwamba maji yaliyokwisha osha kitu cha mtu mmoja hayafai kuosha cha mwingine. Hata bwenini kwetu tusirundike miswaki yetu katika kikombe kimoja. Na yeyote atakayetokwa na kofia ya jino asiipanguse kwa shati wala asiichemshe, bali aende kwa daktari siku ile ile.

Mimi sasa nina kofia ya kudumu, na muwa naukata kwa kisu.