Mgomo Shuleni na Mtoto wa Kisiwani

Imekuwa desturi ya viongozi wetu wengi kuingoja migomo ya wanafunzi mpaka moshi uonekane. Hapo ndipo polisi huitwa, kikao cha dharura hukaa, na wanafunzi huamriwa wawe wameondoka shuleni kabla ya saa sita mchana. Amri ya namna hiyo ina taabu zake popote. Kwetu sisi wa delta ya Rufiji ina hatari.

Mtoto wa Kiongoroni au Maparoni anayekaa bweni huko Kibiti hana basi la kumfikisha mlangoni kwao. Atafika Nyamisati, na hapo atangoja maji. Yakipwa, vijito vya mikoko hubaki tope na mashua hulala upande. Ikiwa ni msichana wa miaka kumi na sita, na jua limekuchwa, yu chini ya amana ya nani? Swali hilo lafaa kujibiwa na bodi ya shule pamoja na halmashauri mwezi Januari, kwa maandishi: nani atawapokea watoto, watalala wapi, watakula nini, na nahodha gani atalipwa kuwavusha. Hakuna mwalimu mkuu awezaye kuyapanga hayo huku mawe yanarushwa.

Lakini kufunga shule kuwe hatua ya mwisho. Mgomo hutangulia kujitangaza. Mzabuni hajalipwa, maharage yanakuja na fukusi, wanafunzi wanarudisha sahani zimejaa, viranja wanaacha kusema na mwalimu wa zamu. Mkuu wa shule aonaye haya na kuandika katika taarifa yake kwamba hali ni shwari, anamdanganya mkubwa wake na kuwadhulumu watoto. Baraza la wanafunzi likutane kila mwezi. Malalamiko yaandikwe daftarini, na kando ya kila lalamiko iandikwe tarehe ya jibu. Deni la mzabuni, ambalo si la mwalimu, lipelekwe kwa Mkurugenzi, naye aje mwenyewe kuwaeleza wanafunzi.

Wako watakaosema kuwasikiliza wanafunzi ni kulea utovu wa nidhamu. Na wakumbuke tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, nao wakataja mishahara mikubwa ya viongozi. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300. Hata hivyo, palepale alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Adhabu ilitolewa, na hoja iliyokuwa ya kweli ikapokewa. Mwaka uliofuata wengi wao walirudi masomoni.

Wenzetu wa Kenya wamelipia pakubwa zaidi. Mwezi Machi 2001, katika Sekondari ya Kyanguli, Machakos, bweni lilichomwa usiku na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Ndugu wakaguzi wanaokwenda shuleni kuhesabu vitabu wapite mabwenini baada ya Isha, wajaribu kila mlango kwa mikono yao, na waulize ufunguo unalala kwa nani.