Uendapo ng'ambo, ushuru wa nyumbani wabaki?

WAKENYA wengi wanaofanya kazi ng'ambo huamini kwamba mtu akishapanda ndege, deni lake kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) hukoma. Sheria haisemi hivyo. Kinachoangaliwa si uraia bali ukaaji.

Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, humhesabu mtu kuwa mkaaji kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuwa na makao ya kudumu nchini na kuwepo hapa kwa muda wowote katika mwaka huo, hata siku chache. Ya pili, kwa asiye na makao hayo, ni kukaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka. Ya tatu ni kuwepo mwaka huo na miwili iliyoutangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka.

Njia ya kwanza ndiyo huwanasa wengi. Chukua mhandisi anayefanya kazi Ghuba, mwenye nyumba Nakuru inayokaliwa na mkewe na watoto. Akija likizo ya Desemba kwa wiki mbili tu, aweza kuhesabiwa mkaaji wa mwaka huo.

Mkaaji hutozwa ushuru wa mshahara, uwe umepatikana nchini au nje. Hata hivyo, Mkenya aliyelipa ushuru wa mshahara huo ugenini huruhusiwa kuupunguza kwenye deni la hapa. Tatizo ni kwa aliye katika nchi isiyotoza ushuru wa mishahara, kwani hana cha kupunguza.

Ipo pia mikataba ya kuzuia ushuru maradufu, kama ule wa Kenya na Uingereza, Ujerumani au Kanada. Mtu akidaiwa na nchi zote mbili, mkataba huamua yeye ni mkaaji wa wapi kwa kutazama makao yake na mahali maslahi yake yalipo. Kenya haina mkataba wa aina hiyo na Marekani.

Asiye mkaaji naye hasalimiki. Hutozwa kwa mapato yatokayo Kenya, na kodi ya nyumba yake hukatwa asilimia 30 bila kuondoa gharama. Mkaaji mwenye nyumba za makazi hulipa asilimia 7.5 tangu Januari 2024, iwapo kodi hiyo inazidi Sh288,000 na haipiti Sh15 milioni kwa mwaka. Aidha, nafuu ya Sh2,400 kwa mwezi ni ya wakaaji pekee.

Aliyesajiliwa kulipa ushuru wa mapato anatarajiwa kuwasilisha ritani kufikia Juni 30, hata kama hakupata chochote. Anayechelewa hutozwa faini ya Sh2,000 au asilimia 5 ya deni, kutegemea kiasi kilicho kikubwa.

Basi anayesafiri ahesabu siku zake na kuhifadhi pasipoti zenye mihuri, mkataba wa kazi na risiti za ushuru wa ugenini. Bila hati hizo, ni vigumu kujitetea siku ya kuulizwa.