Kwenda Saa 15, Kurudi Saa 14

Safari ya ndege ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, iliyoanzishwa tarehe 28 Oktoba 2018, huchukua takriban saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Viwanja ni vilevile, ndege ni ya aina ileile, na umbali haubadiliki: kama kilomita 11,800. Hiyo saa moja inapotelea wapi?

Wengi husema ni mzunguko wa dunia. Lakini dunia huzunguka kuelekea mashariki. Lau jibu lingekuwa hilo, New York ingekuwa inaijia ndege, na safari ya kwenda ndiyo ingekuwa fupi. Siku ukipanda basi linalokwenda mwendo wa sawasawa, rusha sarafu juu kidogo. Itarudi kiganjani mwako, haitamwangukia abiria wa kiti cha nyuma, kwa sababu inakwenda pamoja na basi. Vivyo hivyo hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo.

Jibu ni upepo. Tofauti kati ya joto la tropiki na baridi ya ncha ya kaskazini, ikichanganyika na mzunguko wa dunia, huzaa mto wa hewa unaotiririka kutoka magharibi kwenda mashariki. Mto huo hupita kilomita 9 hadi 12 juu yetu, kimo kilekile wanachorukia marubani. Anayetoka New York husukumwa mgongoni; anayekwenda huko hukabiliana nao uso kwa uso.

Miongoni mwa waliotangulia kuupima ni Wasaburo Oishi, mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani. Katika kituo chake cha Tateno aliachia maputo, akayafuatilia kwa darubini na kukokotoa kasi yake. Desemba 1924 alikuta upepo unaopita kilomita 250 kwa saa. Mwaka 1926 alichapisha matokeo kwa Kiesperanto, akitaka mataifa mengine yayasome. Ni wachache mno walioyatilia maanani. Mwaka 1944 marubani wa Marekani waliokwenda kuishambulia Japani kwa ndege za B-29 waliupata upepo huohuo bila kuutarajia, na mabomu yao yakakosa shabaha.

Leo upepo huo unaingizwa katika hesabu za kila safari. Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, ndege ya abiria ilitoka New York ikatua London baada ya saa 4 na dakika 56, ilhali kwa kawaida safari hiyo hupita saa 6.

Kwa watu wa pwani, elimu hii ina undugu na ile ya jahazi. Nahodha alitoka Oman na kaskazi akafika Unguja, kisha akangoja kusi ndipo atweke tanga kurudi kwao. Bahari ilikuwa ileile. Majira ndiyo yaliyoamua siku zake.

Basi ukienda kumpokea ndugu yako uwanjani, fuata saa ya kutua iliyotangazwa siku ileile, usitegemee ile iliyoandikwa kwenye tiketi miezi mitatu iliyopita. Umbali ulishapimwa, na hautaongezeka wala kupungua. Upepo hupimwa upya kila siku.