Tangi la Samaki: Amonia Inapokataa Kushuka

Kabla ya kununua samaki wa tangi la nyumbani, tunashauri kuandaa kwanza bakteria kwa kutia amonia kidogo majini. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti huua samaki. Kwa hiyo tusiwaingize mapema.

Kazi hii huchukua wiki kadhaa. Vipimo visipobadilika kwa zaidi ya wiki moja, tuchunguze yafuatayo:

1. Asidi. Bakteria hawa hufanya maji yawe na asidi. pH ikishuka chini ya 6.5 hulegea, chini ya 6 karibu husimama. Badilisha nusu ya maji, kisha tia bikaboneti ya soda (si hamira) kijiko 1 cha chai kwa lita 50.

2. Amonia nyingi. Ikizidi miligramu 5 kwa lita, ipunguze kwa kubadilisha maji.

3. Klorini. Huua bakteria. Chujio lisioshwe kwa maji ya bomba, bali kwa maji ya tangi.

4. Hewa. Pampu isizimwe usiku.

Tangi liko tayari pale miligramu 2 za amonia kwa lita, pamoja na nitriti, zinapoisha ndani ya saa 24. Hapo badilisha maji, ndipo ulete samaki.