Reli ya Talyllyn

Reli ya Talyllyn (kwa Kiwelisi: Rheilffordd Talyllyn) ni reli nyembamba ya mvuke katika kaunti ya Gwynedd, Welisi, Ufalme wa Muungano. Ina urefu wa takriban kilomita 11.7, kutoka mji wa Tywyn kwenye pwani ya Ghuba ya Cardigan hadi Nant Gwernol milimani. Ilijengwa miaka ya 1860 kwa ajili ya kusafirisha mawe, lakini siku hizi abiria wake ni hasa familia na watalii. Inajulikana kama reli ya kwanza duniani iliyookolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea, kazi waliyoianza mwaka 1951.

Jina na njia

Jina Talyllyn lina maana ya "mwisho wa ziwa". Hata hivyo reli haifiki kwenye ziwa la jina hilo, kwa kuwa inaishia kilomita kadhaa kabla yake.

Kutoka Tywyn njia hupanda polepole kando ya bonde la mto Fathew. Stesheni zake kuu ni Tywyn Wharf, Pendre, Rhydyronen, Brynglas, Dolgoch, Abergynolwyn na Nant Gwernol. Stesheni ya mwisho haifikiwi kwa gari: mtu hufika huko kwa treni au kwa miguu tu.

Upana kati ya reli mbili ni milimita 686. Kwa kulinganisha, reli ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina upana wa milimita 1,000, na reli mpya za SGR za Kenya na Tanzania milimita 1,435. Upana mdogo ulipunguza gharama za ujenzi na kuruhusu kona kali zinazohitajika milimani.

Asili yake

Reli ilijengwa kwa ajili ya machimbo ya Bryn Eglwys, yaliyotoa sleti. Hilo ni jiwe la rangi ya kijivu linalopasuka kirahisi kuwa vipande vyembamba, nalo lilitumika sana kuezekea nyumba. Bunge la Ufalme wa Muungano lilipitisha sheria ya kuanzisha reli hiyo mwaka 1865. Vichwa viwili vya treni, Talyllyn na Dolgoch, vilinunuliwa kutoka kiwanda cha Fletcher Jennings kule Whitehaven, Uingereza.

Mkaguzi wa serikali alipoikagua njia mwaka 1866 aligundua kosa: nafasi kati ya mabehewa na kuta za madaraja ilikuwa ndogo mno, hivyo abiria angeweza kukwama au kuumia akifungua mlango chini ya daraja. Madaraja hayakujengwa upya. Reli zilisogezwa upande mmoja ili upande wa pili uwe na nafasi ya kutosha, na milango ya upande uliobanwa ikazibwa. Hadi leo abiria wa Talyllyn hupanda na kushuka upande mmoja tu.

Kuelekea kufungwa

Mwaka 1911 machimbo na reli vilinunuliwa na Henry Haydn Jones, mbunge wa eneo hilo. Biashara ya sleti iliendelea kushuka, na mwishoni mwa mwaka 1946 sehemu ya machimbo iliporomoka, yakafungwa. Serikali ilipotaifisha reli za nchi mwaka 1948, Talyllyn haikuingizwa katika orodha.

Sir Haydn alikuwa ameahidi kwamba treni zitaendelea kutembea maadamu yeye yu hai. Alitimiza ahadi yake, ingawa mataruma mengi yalikuwa yameoza na mahali pengine ni nyasi na udongo tu vilivyozishika reli zisiachane. Alifariki tarehe 2 Julai 1950. Kwa kawaida ya wakati ule, hatua iliyofuata ingekuwa kung'oa reli na kuuza vichwa vya treni kama vyuma chakavu.

Kuokolewa

Mwandishi Tom Rolt alikuwa ameitembelea reli hiyo na kuipenda. Tarehe 11 Oktoba 1950 yeye na wenzake waliitisha mkutano mjini Birmingham, Uingereza, na kupendekeza jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika: raia wa kawaida waichukue reli na kuiendesha wenyewe. Wengi walishuku kwamba watu wasiolipwa wangeweza kazi hiyo. Hata hivyo chama cha kuhifadhi reli kilianzishwa, na mjane wa Sir Haydn akakubali kukikabidhi hisa za kampuni.

Treni ya kwanza ya chama iliondoka tarehe 14 Mei 1951, kutoka Tywyn Wharf hadi Rhydyronen. Wakati huo kichwa kimoja tu kiliweza kufanya kazi, yaani Dolgoch, kilichokuwa na umri wa miaka 85. Kama kingeharibika, hapakuwa na kingine. Msaada ulitoka kwa Reli ya Corris, jirani iliyofungwa mwaka 1948 na iliyokuwa na upana uleule. Vichwa vyake viwili vilivyobaki vilinunuliwa mwaka 1951 na kupewa majina Sir Haydn na Edward Thomas. Kichwa cha Talyllyn kilitengenezwa upya na kurudi kazini mwaka 1958. Mwaka 1976 njia ya abiria ilirefushwa kutoka Abergynolwyn hadi Nant Gwernol, ikifuata sehemu iliyokuwa ya mizigo tu.

Kazi za watu wa kujitolea

Reli ina waajiriwa wachache wanaolipwa, lakini sehemu kubwa ya kazi hufanywa na watu wa kujitolea. Wengi wao wanaishi mbali na hutumia likizo zao kuja Tywyn. Wapo madereva, wachochea moto, magadi, wauza tiketi, mafundi wa karakana ya Pendre, na vikundi vinavyobadilisha mataruma na kufyeka vichaka kando ya njia.

Kujitolea hakuondoi masharti ya usalama. Anayetaka kuwa dereva huanza kwa kusafisha kichwa cha treni, kisha hujifunza kuchochea moto, na hupewa usukani baada ya miaka ya mazoezi na mitihani. Kazi ya siku huanza mapema sana, kwa kuwa moto unahitaji saa kadhaa kabla ya maji ya boila kutoa mvuke wenye nguvu ya kutosha.

Siku ya familia

Kwa familia nyingi safari huanza Tywyn Wharf, palipo na duka, mkahawa na jumba la makumbusho ya reli nyembamba. Kabla ya kuondoka, watoto huweza kwenda mbele kuona moto na kuzungumza na dereva. Baadhi ya mabehewa ni yaleyale ya miaka ya 1860.

Safari ya kupanda huchukua karibu saa moja. Huko Dolgoch treni hupita juu ya daraja refu la matofali, kisha kichwa huongezwa maji. Abiria wengi hushuka hapo, hutembea hadi kwenye maporomoko ya maji, wakala chakula walichobeba na kupanda treni inayofuata. Wanaofika Nant Gwernol huona kichwa kikifunguliwa, kikipita njia ya pembeni na kufungwa upande wa pili wa mabehewa kwa safari ya kurudi.

Watoto wengi huifahamu reli hii bila kujua. Mchungaji Wilbert Awdry, mtungaji wa hadithi za Thomas, alijitolea hapa kama gadi mwaka 1952. Mara moja aliruhusu treni iondoke na kumwacha nyuma mwanamke aliyeuza vinywaji, na kosa hilo akaligeuza kuwa hadithi. Katika vitabu vyake Talyllyn inaitwa Skarloey na Dolgoch inaitwa Rheneas. Chumba chake cha kazi kimepangwa upya ndani ya makumbusho ya Tywyn.

Umuhimu na changamoto

Mfano wa Talyllyn ulifuatwa haraka. Reli ya Ffestiniog, pia katika Welisi, ilianza tena kubeba abiria mwaka 1955, na Reli ya Bluebell kusini mwa Uingereza ilianza mwaka 1960. Huko Australia, reli ya Puffing Billy ilifunguliwa tena mwaka 1962 kwa juhudi za chama cha namna hiyo. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza mandhari ya sleti ya kaskazini-magharibi mwa Welisi, pamoja na machimbo ya Bryn Eglwys na Reli ya Talyllyn, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Heshima hiyo haiilipii reli makaa wala mataruma. Reli hutegemea nauli, ada za wanachama, michango na mauzo ya duka na mkahawa. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 liliposimamisha treni, mapato ya nauli yalikatika ilhali matengenezo hayakuweza kungoja. Makaa ya mawe nayo yamekuwa magumu kupatikana: mgodi wa Ffos-y-Fran, uliouzia reli nyingi za urithi, ulifungwa mwaka 2023.

Changamoto kubwa zaidi ni watu. Ufundi wa kuendesha boila au kusikiliza gurudumu lenye kasoro hurithiwa kwa kufanya kazi bega kwa bega, na wanaoujua wanazeeka. Ndiyo maana siku ya familia ina thamani kuliko nauli yake, kwa sababu baadhi ya watoto wanaokwenda mbele kuutazama moto hurudi miaka michache baadaye kuuchochea.