Kuzitoa Nyuso Gizani



Mtu akipigwa picha mlangoni mwa kiwanda, jua likiwa nyuma yake, aghalabu mbingu hutoka nzuri na uso wake hutoka giza tupu. Simu imepima mwanga wa nje, ikamsahau mtu. Picha hiyo ikichapwa, msomaji hajui nani ni nani, wala haoni kama mashine iliyo kando ilikuwa na kifuniko cha usalama au la.

Wengi hukimbilia kuongeza mwanga wa picha nzima. Hapo ndipo inapoharibika. Kompyuta huhesabu mwanga wa kila nukta kuanzia 0, nyeusi kabisa, hadi 255, nyeupe kabisa. Ukiongeza 50 kila mahali, uso uliokuwa 60 unafika 110, vizuri. Lakini shati lililokuwa 230 linagonga dari la 255, na mikunjo yake yote inapotea.

Dawa ni mstari wa kupinda. Programu ya GIMP, ambayo hailipiwi, inao katika orodha ya rangi. Utaona mraba wenye mstari ulionyooka toka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia. Ukienda kushoto hadi kulia, huo ni mwanga wa picha ilivyo sasa, giza likiwa kushoto. Ukienda chini hadi juu, ni mwanga itakavyotoka. Mstari ukinyooka hivyo, hakuna kinachobadilika.

Sasa shika mstari kwenye robo ya kushoto, uuvute juu kidogo. Nyuso zinajitokeza. Kisha weka alama ya pili kwenye robo ya kulia, uirudishe pale mstari ulipokuwa mwanzo, ili mbingu na mashati yabaki karibu yalivyokuwa. Ni kama nyongeza ya mshahara inayowapandisha wa ngazi za chini huku dari likibaki pale pale. (Laiti mwajiri naye angevutwa kwa kidole kimoja!)

Usizidishe. Mstari unapopanda kwa ukali, tofauti ya giza na nuru huongezeka. Unapolala, tofauti hufifia. Ukivuta mno, sehemu za katikati huwa bapa na chenga hujaa kivulini. Na mahali palipoingia 0 kabisa hapana cha kuokoa.

Karatasi ya gazeti hunywa wino na giza huzidi, kwa hiyo pandisha kidogo kupita inavyopendeza kwenye kioo.

Picha ya ajali inayotakiwa kwa madai ya fidia ina sharti lake. Usiifute ile ya asili. Hifadhi uliyoirekebisha kwa jina jingine, peleka zote mbili, na useme wazi ulichofanya. Kuinua kivuli si kuongeza kitu kisichokuwapo, lakini mwajiri akiletewa nakala iliyorekebishwa peke yake, ataweza kudai kuwa mmeibuni.